Muulize Fundi wa Simu za Upepo: Mtambo Umewaka, Je, Umekamilika?

Barua za safari hii zinatoka kila pembe, lakini nyingi zina kilio kimoja: mitambo imefungwa, taa zimewaka, mtu kasema "nakupata vizuri", mkandarasi kaondoka, na wiki ya pili watu hawasikilizani. Nimechagua tano. Mbili nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zinagusa maisha ya watu wengi.

Shikamoo mzee. Mimi ni tabibu katika zahanati ya kisiwani, wilaya ya Ukerewe. Tumefungiwa redio ya VHF ya wati 25, betri ya sola, na antena juu ya mlingoti wa mita 12. Hospitali tunawasikia vizuri sana, ila wao wanatupata kwa kukatikakatika, hasa usiku tukiwa na mama mjamzito wa kupelekwa. Mchana kuna nafuu. Nikibonyeza kitufe cha kuongea, taa ya redio inafifia. Mafundi wanasema tatizo ni ziwa. Ni kweli?

Marahaba daktari. Ziwa mnalionea bure. Kwa VHF, yaani masafa ya redio kama yenu, maji matupu yasiyo na kilima wala msitu ni njia nzuri. Chukua kimo cha antena yako, mita 12, na tuseme ya hospitali iko mita 30. Tafuta kipeuo cha pili cha kila kimo, jumlisha, zidisha kwa 4.1: unapata kama kilomita 37 kabla mviringo wa dunia haujawatenganisha. Kama hospitali iko ndani ya umbali huo, na katikati hakuna kisiwa chenye mlima, mawimbi yanapita.

Barua yako yenyewe imeshataja ugonjwa. Wewe unawasikia vizuri. Mawimbi yanayokuja na yanayokwenda yanapita antena ileile, kebo ileile na anga ileile. Hata kama redio ya hospitali ina wati 50, ni maradufu tu ya zako, na hilo peke yake halitoshi kuleta tofauti unayoieleza. Kinachotofautiana kweli ni umeme. Kupokea kunatumia chini ya ampea moja. Kurusha wati 25 kunataka ampea 6 hivi, na hapo ndipo taa inafifia.

Nenda kapime urefu wa waya unaotoka kwenye betri mpaka kwenye redio. Nimeona zahanati nyingi ambako betri imewekwa stoo, redio iko chumba cha daktari, na katikati kumepitishwa waya wa taa, ule wa milimita 1.5. Kama umbali ni mita 15, umeme unasafiri mita 30, kwenda na kurudi. Waya huo kwa urefu huo una ukinzani wa ohm 0.35. Zidisha kwa ampea 6: volti 2.1 zinapotelea njiani. Mchana jua likichaji, betri iko karibu na volti 14, kwa hiyo redio inapata 11.9 na inajikongoja. Usiku betri imetulia kwenye 12.2, na redio inapata 10.1. Redio nyingi za aina hii zimeundwa kwa volti 13.6 au 13.8, nazo zikishushwa chini ya 11.6 hivi hazina tena ahadi yoyote kwako: wati zinashuka, sauti inaharibika, nyingine zinajizima katikati ya sentensi. Ndiyo maana mchana una nafuu na usiku unahangaika.

Usikubali maneno yangu bila kupima. Mwombe mtu abonyeze kitufe cha kuongea huku wewe umeshika multimita kwenye waya wa umeme nyuma ya redio, kisha rudia kwenye vichwa vya betri. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoliwa na waya. Ukiona zaidi ya nusu volti, hamisha betri iwe mita 2 au 3 kutoka kwenye redio, iwe mahali penye hewa, na utumie waya wa milimita 6. Fyuzi iwe karibu na betri, siyo karibu na redio, maana waya ukichubuka katikati ya njia ni fyuzi ya upande wa betri tu itakayoiokoa nyumba.

Baada ya hapo angalia kebo ya antena. Kama ni nyembamba kama kalamu ya risasi, soma maandishi yaliyo ubavuni. Ikiwa ni RG-58, mita 20 za kebo hiyo zinakula desibeli 4 hivi kwenye masafa yenu, maana yake wati 25 zinafika juu zikiwa 10. RG-213 ya urefu huohuo ingefikisha zaidi ya 16. Na pale kebo inapoingia ndani, ishushwe ifanye kitanzi chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili mvua idondokee nje.

Waandikie waliofunga, uwape namba ulizopima, mbili tu: volti za betri na volti za redio wakati wa kurusha. Mtu anaweza kubishana na tabibu kuhusu ziwa, lakini kubishana na namba hizo ni kazi.

Fundi, habari za kazi. Niko kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi wilayani Same. Tumefungiwa ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali, mlimani kwa ajili ya magari ya wagonjwa, maji na maliasili. Mkandarasi alituita ofisini, akaita "haloo, haloo", dereva akajibu akiwa stendi, tukapiga makofi. Sasa anataka tusaini. Mimi ni mhasibu, sijui redio. Nisaini?

Usisaini bado, ndugu yangu. Nakushukuru kwa kuuliza kabla, maana wengi huuliza baada ya hundi kutoka.

Stendi ya Same iko upande mmoja wa Milima ya Upare. Redio ya mkononi ingeweza kufika pale hata bila ripita. Wilaya yenu ina watu upande wa pili wa mlima, kule Maore, Ndungu na Kihurio, na Shengena yenye mita 2,462 imesimama katikati. Mtambo huu ulinunuliwa kwa ajili ya gari la wagonjwa linalotoka huko. Kwa hiyo sharti la kwanza: gari liende. Liwe na redio ya gari na mtu mwenye daftari, asimame kila kijiji na kila kona ya barabara yenye mlima, aite ofisini, na aandike mahali, saa, na jinsi alivyosikika: safi, kwa mikwaruzo lakini anaeleweka, au hakuna. Irudiwe kwa redio ya mkononi, maana muuguzi hatembei na gari. Ramani inayotokana na safari hiyo iambatishwe kwenye hati. Panapoonekana pengo, afadhali lijulikane sasa: pengine antena igeuzwe, pengine ihitajike ripita ya pili. Hakuna ubaya mtambo kuwa na mipaka, ubaya ni dereva kuugundua mpaka huo akiwa na mgonjwa.

Kisha panda mlimani pamoja nao. Uhasibu wako unatosha kwa kazi hii, kwa sababu nitakupa namba.

Mwambie fundi aunganishe mita ya wati kati ya ripita na kebo. Wati 50 zikienda, zisirudi zaidi ya 2. Hiyo ni asilimia 4, ambayo mafundi huiita SWR ya 1.5; namba hiyo ikizidi kupanda juu ya 1, nguvu inayorudi inazidi. Lakini kuna mtego hapa ambao hata mafundi wazuri hunaswa nao. Kebo ndefu inayokula nguvu inaificha antena mbovu, kwa sababu mawimbi yanayorudi yanaliwa pia wakati wa kushuka. Kebo ikila desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, antena yenye SWR ya 3 kule juu, ambayo inarudisha robo ya nguvu yote, itaonyesha 1.7 tu ukipima chini. Kwa hiyo mkandarasi alete karatasi mbili: kipimo cha antena pale juu kabla haijaunganishwa na kebo, na kipimo cha kebo peke yake. Asipokuwa nazo, apande tena apime.

Sasa jambo ambalo nalipigania kila ninapoitwa. Ripita inasikiliza na kuongea kwa wakati mmoja, kwa antena moja. Inarusha makumi ya wati huku ikisikiliza mawimbi yasiyofika hata mikrovolti moja. Kinachozitenganisha sauti hizo mbili ni kifaa kinachoitwa duplexa, makopo marefu ya chuma yaliyotuniwa, yaani kurekebishwa, kwa masafa yenu. Kikitikiswa kwa safari ya barabara mbovu na kupandishwa mlimani mabegani, mtuno wake unaweza kusogea. Ukikaa karibu huoni tofauti yoyote. Walio mbali ndio wanaofutwa, maana mtambo unajiziba masikio wenyewe kila unaporusha. Jaribio lake: mtu asimame kijiji cha mbali ambako anasikika kwa shida, aite mfululizo huku fundi mlimani anasikiliza moja kwa moja kwenye ripita, kwanza urushaji ukiwa umezimwa, halafu ukiwa umewashwa. Mikwaruzo ikiongezeka mara urushaji unapowashwa, duplexa irudishwe ituniwe kwa mashine. Ukiwa na jaribio moja tu la kudai, dai hili.

Athi nayo, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini. Mlingoti, kebo, ripita na fremu ya sola vyote vifungwe kwenye mfumo mmoja wa athi. Athi mbili zisizoungana ni hatari, kwa sababu radi ikipiga, moja inapanda volti nyingi kuliko nyingine, na tofauti hiyo inapita ndani ya mtambo. Kipimo kisomwe kwa mita ya athi mbele yako. Mkataba useme ohm ngapi. 5 na 10 ndizo hutajwa sana. Kileleni kuna mwamba, na nchi yenu ni kavu, kwa hiyo kipimo cha masika kisiwadanganye: kirudiwe kiangazi.

Betri: chomoa chaja, acha mtambo ufanye kazi kwa saa zilizoandikwa kwenye mkataba, kama ni 48 ziwe 48, na watu waongee kama kawaida. Siyo kuusikiliza umelala.

Mwisho wa orodha, karatasi. Namba za mfululizo za kila kifaa. Picha ya kila konekta iliyofungwa tepu, na tepu iwe imeviringishwa kutoka chini kwenda juu ili kila mzunguko uulalie ule wa chini, kama mabati. Kimo cha antena na upande inakoelekea. Na faili la programu la redio zote, pamoja na neno la siri lake. Hili la neno la siri nalitilia mkazo. Nimekuta ofisi iliyonunua redio kwa fedha yake yenyewe, ikashindwa kuongeza chaneli moja kwa sababu aliyezipanga alihama na ufunguo. Faili na neno la siri ni mali ya halmashauri, viandikwe kwenye hati kama vifaa vingine.

Yote haya yakikamilika, saini kwa moyo mweupe, na umlipe mtu wa watu kwa wakati.

Tumenunua redio sita Kariakoo kwa ajili ya walinzi wa shamba letu Kilombero. Muuzaji anasema zimeshawekewa chaneli, tuanze tu. Sawa?

Hapana. Masafa hayauzwi dukani. Kwa Tanzania Bara na Visiwani mnaomba leseni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na mnapangiwa masafa yenu. Redio zenyewe ziwe za aina iliyoidhinishwa. Msomaji wa Kenya aende kwa Mamlaka ya Mawasiliano, utaratibu unafanana.

Hili siyo suala la karatasi tu. Redio nyingi za bei nafuu zinafunguka kwa masafa yoyote kati ya 136 na 174 megahezi. Ndani ya eneo hilo kuna 156.8, chaneli 16 ya baharini na ziwani, ambayo nahodha anayezama huitumia kuomba msaada. Mlinzi anayepiga soga hapo bila kujua anaweza kumziba mtu mdomo wakati mbaya kuliko yote. Zirudisheni kwa fundi mwenye leseni, zifutwe chaneli zote, ziwekwe mlizopewa. Na zikija, mziweke kwenye upana wa chaneli wa kilohezi 12.5 au kama leseni itakavyosema, zote sawasawa, la sivyo mtasikia wengine wanaongea chini na wengine sauti imepasuka.

Assalaam alaykum. Sisi ni shule ya Tumbatu. Tumefungiwa kiungo cha intaneti kwa redio za 5.8 gigahezi kutoka Unguja, ng'ambo ya mkondo, kama kilomita 4, antena zote mbili mita 15 juu ya maji. Kilipopimwa kilikuwa kizuri mno. Lakini kila siku kuna saa kinakufa, na saa hizo zinasogea mbele kila siku. Tumebadilisha redio, bado.

Wa alaykum salaam. Saa zinazosogea kila siku! Kwa watu wa bahari jibu mnalo. Shikeni jedwali la kupwa na kujaa mliweke kando ya kumbukumbu za kiungo chenu.

Maji yaliyotulia yanaakisi mawimbi ya redio. Antena yenu inapokea mara mbili: mawimbi yaliyokuja moja kwa moja, na yaliyogonga bahari katikati ya mkondo yakaruka juu. Haya ya pili yametembea njia ndefu kidogo. Kwa vimo vyenu na umbali wenu tofauti ni sentimita 11 hivi. Wimbi moja la 5.8 gigahezi lina urefu wa sentimita 5 na kidogo. Yakifika yakipatana, mnapata nguvu zaidi. Yakifika yakipingana, yanafutana. Sasa fikirini bahari inavyopanda na kushuka: wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, ni karibu mita 4. Antena iliyokuwa mita 15 juu ya maji inakuwa 11, na ile tofauti ya njia inapungua mpaka sentimita 6. Katikati ya safari hiyo lazima mpite mahali pa kufutana. Wakati wa maji mafu bahari haisogei sana, na nadhani kumbukumbu zenu zitaonyesha siku hizo zina nafuu, au kiungo kinakaa hovyo kutwa nzima kutegemea kimo kilipoangukia.

Mafundi walipima saa moja, maji yakiwa mahali pamoja. Kipimo chao kilikuwa cha kweli kwa saa ile.

Tiba ziko kadhaa, na mimi ningeanza na ya bei nafuu. Antena moja ishushwe na nyingine ipandishwe. Zikiwa na vimo sawa, bahari inaakisi katikati kabisa ya mkondo, mahali ambapo hamna la kufanya. Mkishusha ya upande mmoja, mahali pa kuakisi panasogea kuelekea upande huo, na pengine mkaweza kuliziba wimbi la pili kwa ukingo wa jabali, paa au minazi, bila kuziba lile la moja kwa moja. Angalieni tu msishushe kupita kiasi. Katikati ya kilomita 4 mawimbi haya yanahitaji uwazi wa mita 4 na zaidi chini ya mstari unaounganisha antena mbili, hata maji yakiwa yamejaa. Na mashua zenye tanga mzihesabu pia. Ikishindikana, tiba ya uhakika ni antena mbili za kupokea upande mmoja, moja juu ya nyingine, ili moja inapofutwa nyingine iwe hai. Hiyo ni gharama, mwulize mfadhili kwanza.

Mkandarasi akirudi, vipimo viandikwe mfululizo tangu bamvua moja hadi nyingine, wiki mbili, kabla ya hati kusainiwa.

Shikamoo babu. Nimemaliza VETA, fani ya umeme, nina miaka 21. Napenda kazi ya minara lakini nyumbani wanasema msichana hapandi mnara. Unasemaje?

Marahaba mjukuu wangu. Nasema upande. Nimefanya kazi na mabinti waliofunga konekta mita 60 juu kwa mikono mitulivu kuliko ya wanaume waliokuwa nao, na konekta zao ndizo nisizopata kuzirudia. Wazee wako wana hofu ya kuanguka, na hofu hiyo ni halali, kwa hiyo wajibu kwa mambo ya usalama, siyo kwa ubishi.

Tafuta kwanza mafunzo ya kupanda na kuokoa, kabla ya kutafuta kazi. Mwajiri anayekupeleka juu bila mafunzo mkatae, hata kama umekaa bila kazi. Juu ya mnara uwe umefungwa muda wote: kamba mbili, moja haifunguliwi mpaka ya pili imeshika chuma. Usipande peke yako, na aliye chini awe anajua kukushusha ukizimia. Kabla ya kupita mbele ya antena yoyote, mtambo wake uzimwe na swichi ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shuka. Huku kwetu Ziwani mawingu hujikusanya juu ya maji usiku na yakafika nchi kavu alfajiri, ndiyo maana timu yangu haipandi kabla hatujaliangalia ziwa vizuri.

Mkanda ukague mwenyewe kila asubuhi: mishono, vifungo, lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Ukipewa uliofutika lebo, au ulioungua kidogo kwa cheche, uukate kabisa kwa kisu ili asipewe mwingine, kisha udai mpya.